Jina la karatasi na jina la jiwe: namna watoto wa wahamiaji wa Kichina wanavyotafuta ukoo wao

Katika makaburi ya Wachina huko Colma, mji mdogo ulio kusini ya San Francisco nchini Marekani, kuna mawe yanayotaja majina mawili ya ukoo kwa marehemu mmoja. Maandishi ya Kiingereza yanataja jina moja. Maandishi ya Kichina, kwenye jiwe hilohilo, yanataja jingine. Fundi hakukosea. Marehemu aliishi Marekani kwa jina alilolinunua, akazikwa kwa jina la baba yake.

Baada ya kipindi chetu kuhusu wahamiaji, wasikilizaji kadhaa mlituuliza: mtu aliyezaliwa na baba au mama wa Kichina ughaibuni anawezaje kujua kwao ni wapi, ikiwa mzazi ameshafariki na enzi za uhai wake hakupenda kusimulia? Tunajibu kwa mfano wa Marekani, kwa sababu huko kumbukumbu ni nyingi na waliopita njia hiyo ni wengi. Mambo ya kaburi na kitabu cha ukoo yanafanana sana popote Mchina alipozikwa, hata hapa kwetu, kama mtakavyoona mbele.

Kwa nini baba alikuwa na majina mawili

Tarehe 6 Mei 1882 Rais Chester Arthur alitia saini sheria ya kuwafungia mlango vibarua kutoka China. Iliwekwa kwa miaka 10, ikaongezwa mwaka 1892, baadaye ikafanywa ya kudumu. Haikufutwa hadi Desemba 1943, wakati China na Marekani zilipokuwa upande mmoja vitani dhidi ya Japani. Na hata ilipofutwa, Wachina waliopewa nafasi ya kuhamia kwa mwaka mzima walikuwa 105 tu. Mlango ulifunguka sawasawa kwa sheria ya mwaka 1965.

Katika miaka hiyo yote waliendelea kuruhusiwa wafanyabiashara, walimu, wanafunzi, wanadiplomasia na watu wa matembezi. Kulikuwa pia na kundi ambalo sheria haikuweza kulizuia: raia na watoto wa raia. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi wa Kichina, ambaye alizuiwa kuingia aliporudi kutoka China. Mahakama ikasema aliyezaliwa Marekani ni raia, hata kama wazazi wake hawawezi kuwa raia.

Kisha, alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906, tetemeko la ardhi likaipiga San Francisco, na moto uliofuata ukateketeza ofisi za jiji pamoja na vitabu vya kumbukumbu za vizazi. Kuanzia hapo Mchina akisema "nilizaliwa hapa", hapakuwa na karatasi ya kumkanusha. Akishakubaliwa kuwa raia, kila aliporudi kutoka kumtembelea mke wake China alitangaza kwa maofisa kwamba amezaliwa mtoto, na karibu kila mara mtoto huyo alikuwa wa kiume. Huenda alizaliwa kweli, huenda hakuzaliwa. Kilichoandikwa kikawa nafasi, na nafasi ikawa na bei. Kijana wa kijiji cha jirani, au mtoto wa binamu, aliinunua, akapanda meli akiwa na jina jipya, siku mpya ya kuzaliwa, na baba ambaye pengine hakuwahi kula naye meza moja. Waliitwa watoto wa karatasi.

Kwa Watanzania wengi hili halihitaji maelezo marefu. Tunawajua watu wazima waliorudia darasa la saba kwa jina la mwanafunzi mwingine aliyeacha shule, na mpaka leo kazini wanaitwa jina hilo, nyumbani wanaitwa la kwao. Tofauti ni kwamba mtoto wa karatasi aliyegundulika hakupoteza nafasi ya sekondari. Alirudishwa kwa meli, na aliyejifanya baba yake akaingia matatani.

Ndiyo sababu wengi hawakusema kitu, hata kwa watoto wao. Mtoto alikua akiitwa kwa jina la ukoo usio wake, akaoa nalo, akawapa wanawe. Hasara yake kwa Mchina ni kubwa, kwa sababu jina la ukoo ndilo linalokuonyesha kijiji, na kijiji ndicho kinachotunza kitabu cha mababu. Ukishika jina la karatasi ukalifuata hadi mwisho, utafika kwenye mababu wa mtu mwingine.

Kisiwa cha maswali

Kati ya Januari 1910 na mwaka 1940 wengi walioingia kupitia San Francisco walipelekwa kwanza kwenye kituo cha uhamiaji cha Angel Island, kisiwa kilicho ndani ya ghuba. Huko walikaa siku kadhaa, wiki au miezi wakisubiri kuhojiwa. Baadhi yao walichonga mashairi kwenye mbao za kuta, na mashairi hayo bado yapo, jengo limehifadhiwa.

Mahojiano hayakuwa ya "jina lako nani, umetoka wapi". Afisa aliuliza nyumba yenu iko safu ya ngapi kutoka mbele ya kijiji. Nani anakaa nyumba ya tatu. Kisima kiko upande gani. Mchele huwekwa wapi ndani ya nyumba. Bibi mzaa baba amezikwa kilima gani. Ngazi ina vidato vingapi. Halafu aliyesemwa kuwa baba, na mashahidi wengine, waliulizwa maswali hayohayo wakiwa kando, na majibu yakalinganishwa. Yakitofautiana, kijana alikataliwa. Hata Wong Kim Ark, pamoja na ushindi wake mahakamani, alishindwa kumwingiza mwanawe mkubwa mwaka 1910 kwa sababu majibu hayakulingana.

Kwa hiyo watu walisoma kama wa mitihani. Aliyeuza nafasi aliuza pia daftari la maswali na majibu, lenye ramani ya kijiji na majina ya majirani. Kijana alilikariri melini na kulitupa baharini kabla ya kufika.

Ajabu yake ni kwamba dola iliyotaka kuwafukuza ndiyo iliyowaandikia historia yao. Hakuna maskini wengi duniani ambao serikali iliandika idadi ya vidato vya ngazi ya nyumba yao. Mahojiano yalipigwa chapa, yakafungwa katika jalada pamoja na picha, barua, pengine ramani ya kijiji na saini ya Kichina. Majalada mengi bado yapo.

Jalada hilo lisomwe kwa jicho la tahadhari. Majina ya wazazi na ndugu yanaweza kuwa ya familia ya karatasi yote kabisa. Lakini mtu hakununua nafasi sokoni kwa mgeni kama anavyonunua ndoo. Mara nyingi alinunua kwa ndugu, kwa mtu wa ukoo au wa wilaya moja naye, kwa kuwa deni lilihitaji mtu wa kuaminika. Kwa hiyo kijiji kilichotajwa, kama si chenyewe, mara nyingi kiko karibu na chenyewe. Jicho litulie pia kwenye jalada la nje, mahali palipoandikwa namba za majalada mengine: la "baba", la "kaka", la shahidi. Namba hizo zinafaa kufuatwa zote. Ukweli uliofichwa katika jalada moja hutoka katika jingine.

Na kuna wakati ulipotoka hadharani. Kati ya mwaka 1956 na 1965 serikali ya Marekani iliendesha mpango wa kuungama: aliyekiri kwamba aliingia kwa jina la karatasi aliweza kurekebishiwa hadhi yake na kubaki. Walioungama ni zaidi ya 13,000. Kuungama kwa mmoja kuliwafichua wengine, kwa kuwa kila aliyesema kweli alitaja familia nzima ya karatasi, na ndugu waligombana vibaya kwa sababu hiyo. Mzazi aliyeungama, jalada lake la uhamiaji litakuwa na majina yote mawili, la karatasi na la kweli, pamoja na kijiji alichozaliwa.

Wapi majalada yanapatikana

Ya Angel Island yako katika tawi la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani lililopo San Bruno, jirani na San Francisco. Walioingilia bandari nyingine wana majalada katika matawi mengine, kama Seattle na New York. Mtu huandika barua pepe akitaja majina yote ambayo mzazi aliwahi kutumia, mwaka wa kuzaliwa, jina la meli na tarehe ya kufika, na watumishi humwambia kama jalada lipo. Kusoma pale ni bure, nakala hulipiwa.

Kwa wale walioishi Marekani kama wageni baada ya mwaka 1940, kuna jalada la aina nyingine lenye namba inayoanza na herufi A. Hilo huwa kwa idara ya uraia na uhamiaji, na huhamishiwa Hifadhi ya Nyaraka ikitimia miaka 100 tangu mwenyewe azaliwe. Namba hiyo mara nyingi ipo nyumbani tayari, kwenye cheti cha uraia au kadi ya zamani iliyofungwa na picha za harusi chini ya kabati. Kwa hiyo mtafutaji aanze kwenye kabati kabla hajaanza kwenye intaneti.

Sensa za Marekani hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72, na iliyofunguliwa karibuni ni ya mwaka 1950. Orodha za abiria wa meli na sensa zinasomeka bure kwenye tovuti ya FamilySearch ukijiandikisha. Tahadhari moja: picha za kumbukumbu hizo ni nzito. Usizifungue kwa bando la jero ukitegemea litafika jioni.

Kanada nayo ina daftari lake. Kuanzia mwaka 1885 ilimtoza kila Mchina aliyeingia kodi ya kichwa ya dola 50, ikapanda hadi dola 500 mwaka 1903. Wazee wetu waliijua kodi ya kichwa kwa sura nyingine, wakilipa nchini mwao wenyewe. Daftari la Kanada linataja mahali alipozaliwa kila aliyeandikishwa, na limewekwa mtandaoni na hifadhi ya nyaraka ya nchi hiyo.

Jiwe husema nini

Tunafika mahali ambapo, kwa maoni yetu, mtafutaji asiye na hela wala Kiingereza kizuri anaweza kupata mengi kuliko ofisi yoyote. Maofisa wa uhamiaji hawakusoma makaburi. Kwa hiyo familia iliyouficha ukweli kwa miaka 40 iliuandika kwenye jiwe, kwa Kichina, bila wasiwasi mkubwa. Pengine palikuwa mahali pekee ulipoandikwa.

Jiwe la zamani la Kichina husomwa kutoka juu kwenda chini, na safu huanza upande wa kulia. Safu ya katikati, yenye herufi kubwa, ni jina la marehemu. Jina la ukoo hutangulia, halafu jina lake mwenyewe. Mara nyingi hufuatiwa na herufi 公, ya heshima, kama sisi tunavyosema mzee fulani, na mwisho 之墓, yaani "kaburi la". Safu ya kulia mara nyingi hutaja kwao: jimbo, wilaya, kijiji. Ukiona 廣東 hilo ni jimbo la Guangdong, walikotoka wengi wa Wachina wa mwanzo Marekani. Ukiona 台山 hiyo ni wilaya ya Taishan. Herufi 村 ni kijiji, na jina la kijiji ni herufi zilizo kabla yake. Safu ya kushoto huwa na tarehe. Mpangilio huu si sheria ya msahafu, mafundi walitofautiana, lakini ndio wa kuanza nao.

Wilaya zinazotajwa sana ni nne zilizo pamoja, kusini-magharibi mwa mji wa Guangzhou: Taishan, Kaiping, Xinhui na Enping. Wachina wenyewe huziita Siyi, yaani wilaya nne. Taishan iliitwa Xinning mpaka mwaka 1914. Jiwe likisema 新寧, usitafute Xinning kwenye ramani ya simu, kwa kuwa itakupeleka wilaya nyingine kabisa katika jimbo la Hunan, mbali sana na kwa babu yako.

Tarehe nazo zina hesabu yake. Herufi 民國 maana yake ni Jamhuri, iliyoanza kuhesabiwa mwaka 1912 kuwa mwaka wa kwanza. Chukua mwaka ulioandikwa, ongeza 1911. Mwaka wa 24 wa Jamhuri ni 1935. Jiwe la zamani zaidi linaweza kuwa na 光緒, jina la enzi ya mfalme Guangxu. Hapo ongeza 1874. Siku na mwezi mara nyingi ni za kalenda ya mwezi mwandamo, kwa hiyo usishangae zikitofautiana na cheti cha kifo kwa wiki kadhaa. Waislamu mtaelewa haraka, ingawa kalenda ya Wachina huongezewa mwezi mzima kila baada ya miaka michache ili isiachane na misimu.

Kaburi la mama lina namna yake. Wanawake wengi hawakuandikwa jina lao binafsi. Jiwe linaweza kusema 黃門李氏: wa nyumba ya Huang, aliyezaliwa ukoo wa Li. Herufi 氏 hufuata ukoo aliozaliwa. Kwa herufi nne tu umepata ukoo wa baba na ukoo wa mama, na ukoo wa mama ndio unaokosekana sana kwingineko. Pembeni, kwa herufi ndogo, hutajwa waliosimamisha jiwe: watoto wa kiume, wajukuu, pengine mke. Hapo ndipo mtu anapokutana na jina la kaka asiyemjua.

Ukipiga picha, nenda asubuhi au jioni jua likiwa chini, mwanga wa ubavuni huonyesha michongo iliyofutika. Lowesha jiwe kwa maji safi kama halionekani. Usilikwangue kwa kisu wala brashi ya waya, na usipake chaki. Piga mbele, nyuma na pembeni, kisha makaburi ya jirani pia, kwa kuwa watu wa kijiji kimoja walizikwa karibu. Programu za kutafsiri kwenye simu husoma herufi zilizopigwa chapa vizuri kuliko zilizochongwa, kwa hiyo usiiamini simu peke yake. Mwonyeshe mzee anayesoma Kichina cha zamani.

Kuna makaburi matupu, na si kwamba yameibiwa. Wahamiaji wa mwanzo walitaka kulala kwao. Miaka kadhaa baada ya maziko, mifupa ilifukuliwa, ikasafishwa, ikawekwa ndani ya sanduku au mtungi wenye jina na kijiji, ikasafirishwa hadi Hong Kong. Hospitali ya Tung Wah ya huko iliipokea na kuipeleka vijijini. Kazi hii ilisimamiwa na vyama vya watu wa wilaya moja au ukoo mmoja. Mwaka 1902 meli Ventnor, iliyobeba mabaki ya Wachina 499 kutoka New Zealand, ilizama kabla haijafika, na mifupa mingine ilisukumwa na bahari hadi ufukweni, ikazikwa na Wamaori. Vita na Japani kuanzia mwaka 1937 vilivuruga usafirishaji huo, na baada ya mabadiliko ya mwaka 1949 ukakatika. Aliyezikwa baadaye alibaki alipozikwa. Kwa hiyo mtafutaji asiyeliona kaburi la babu Marekani ajue kwamba huenda liko Guangdong, na kwamba chama cha wilaya kilichomhamisha kinaweza kuwa na orodha.

Hapa Tanzania lipo eneo la makaburi ya wataalamu wa Kichina Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, walikozikwa zaidi ya watu 60, wengi wao waliofariki wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA katika miaka ya 1970. Hao hawakuja kwa majina ya karatasi, walitumwa na serikali yao, na makaburi yao yanatunzwa. Ila wanafanana na wa Colma kwa jambo moja: wapo wajukuu wao China ambao hawajawahi kulishika jiwe la babu yao.

Jina moja, tahajia kumi

Anayetafuta kwa herufi za Kilatini huchanganyikiwa upesi. Ukoo ulioandikwa 陳 kwa Kichina unaweza kuwa Chen, Chan, Chin au Tan kwenye karatasi za ughaibuni, kutegemea lahaja ya mwenye jina na sikio la karani. Huang na Wong ni ukoo mmoja, 黃. Ng wa Guangdong ni Wu kwa Kichina cha serikali, lakini Ng wa lahaja za Fujian anaweza kuwa Huang. Makarani waliosikia "Ah Sing" waliandika Ah kuwa jina, wakati Ah ni neno la kuitana tu, kama sisi tunavyotanguliza "ee" au "we". Pia mwanamume aliongeza jina jipya alipooa, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu ya kweli kabla hata hujafika kwenye la karatasi.

Dawa yake ni kushika herufi za Kichina zenyewe. Jina likiwa katika herufi, tahajia hazikusumbui tena.

Na kama yupo shangazi au mjomba aliye hai, mrekodi. Sisi watu wa redio tutasema hivyo siku zote, lakini hapa kuna sababu. Wazee hao wanatamka jina la kijiji kwa lahaja ya Taishan, na ramani imeandikwa kwa Kichina cha serikali. Hata Taishan yenyewe wao huiita Toisan au Hoisan. Ukiandika unachosikia utakosea. Ukiwa na sauti, mtu wa huko ataisikiliza mara moja na kuijua. Simu yoyote yenye kinasa sauti inatosha. Zima feni na redio (ndiyo, hata yetu), weka simu karibu na mdomo, na mwache arudie jina la kijiji mara tatu.

Akisema "acha, hayo yamepita", msimlazimishe. Kwa miongo mingi kuitamka siri hiyo kulimaanisha kufukuzwa nchini, na woga hauishi kwa sababu sheria imebadilika. Baadhi ya wazee hukubali wakiulizwa kuhusu chakula, shule au mto wa kijijini, bila jina la mtu kutajwa.

Kijijini na kitabu chake

Kitabu cha ukoo huitwa jiapu au zupu. Kinaanza na babu wa kwanza aliyefungua kijiji na kushuka kizazi baada ya kizazi. Koo nyingi zina shairi lililotungwa zamani ambalo kila herufi yake ni zamu ya kizazi kimoja. Ndugu na mabinamu wa rika moja huchangia herufi hiyo katika majina yao. Mzee wa kijiji akiambiwa jina la kizazi la babu yako, anajua hapohapo amwite mgeni mjukuu, kaka au babu mdogo, hata kama mgeni ana mvi kumzidi.

Vitabu vingi vilichomwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya mwaka 1966 na 1976. Vingine vilifichwa, vingine viliokolewa na nakala zilizokuwa nje ya nchi. Maktaba ya Shanghai ina mkusanyo mkubwa sana, na FamilySearch imepiga picha nyingi. Mabinti hawakuandikwa, au waliandikwa kwa ukoo wa mume tu. Hili ni pengo kwa anayetafuta upande wa mama, na ndipo jiwe lile lenye herufi 氏 linaposaidia.

Mfano unaojulikana ni wa Paula Williams Madison, Mmarekani mweusi wa Harlem, New York, aliyekuwa kiongozi katika shirika la utangazaji la NBC. Mama yake alizaliwa Jamaica kwa baba Mchina, Samuel Lowe, aliyerudi China mwaka 1933, na mama huyo hakumwona tena. Mwaka 2012 Madison aliwafuata watu wa jamii ya Wahakka, alikotoka babu yake, wakamfikisha kwa ukoo wa Luo katika eneo ambalo sasa ni mji wa Shenzhen. Alikuta wajomba walio hai, watoto wa babu yuleyule, na kitabu cha ukoo kinachorudi nyuma karne nyingi. Alitengeneza filamu kuhusu safari hiyo. Rangi ya ngozi yake haikumzuia mtu kumpokea; walichouliza ni yeye ni mtoto wa nani.

Wajomba wasiojulikana ni jambo la kutarajia. Sheria ilizuia wake wengi kufuata waume zao, hivyo mwanamume aliweza kuwa na mke kijijini na baadaye mwingine ughaibuni, na watoto pande zote mbili. Anayefika kijijini anaweza kukuta mzee anayefanana na baba yake, aliyelelewa kwa fedha zilizotumwa na baba huyohuyo hadi siku zilipokoma kuja. Mzee huyo naye ana maswali, na pengine ana uchungu. Afadhali mgeni aende na picha za baba za miaka yote, azitoe mezani, na asubiri.

Siku nzuri ya kufika ni karibu na Qingming, sikukuu ya kusafisha makaburi, inayoangukia tarehe 4 au 5 Aprili, wakati ndugu waliotawanyika mijini hurudi nyumbani. Wataenda pamoja kilimani kwa mababu, watafyeka nyasi, wataweka chakula na kuwasha udi. Baadaye mzee mwenye kitabu atauliza majina ya watoto wa mgeni ili ayaandike. Hapo familia nyingi zilizoishi kwa jina la karatasi hutakiwa kuamua ukoo gani utangulie. Wapo waliokwenda mahakamani Marekani kurudisha jina la kale. Wengine wameliacha la karatasi kwenye pasipoti na vyeti vya shule, wakaandikisha la kweli katika kitabu cha kijiji, na kwenye jiwe la mzazi wakachonga yote mawili.